Kabla Hujanunua Ramani ya Nyumba, Litazame Jua la Dodoma

Msimu wa mvua uliopita, malalamiko yaliyojaa mezani kwetu, kwenye ofisi ya mipango miji, yalihusu maji ya jirani. Mtu amesakafia kiwanja chote kwa pevingi, amepandisha ukuta hadi kwenye njia ambayo watoto walikuwa wakikatiza kwenda shule, na mvua ya nusu saa tu inamwagikia sebuleni kwa mwenzake. Ofisi inatuma mkaguzi, mkaguzi anaomba kibali cha ujenzi, kibali hakuna. Ndiyo sababu ya kuandika haya kabla wengine hawajaanza kuchimba msingi.

Tatizo huanzia kwenye ramani. Wananchi wengi hununua ramani iliyochorwa kwa ajili ya sehemu nyingine kabisa, wakampa fundi, fundi akaigeuza kufuata barabara. Nilikagua nyumba moja Nzuguni, hapa Dodoma, saa tisa alasiri. Kazi ya fundi ilikuwa safi: vigae, dari ya jipsamu, madirisha mapana ya alminiamu. Lakini madirisha yale yalielekea magharibi na paa halikuwa na upenu wa maana. Niliweka kiganja kwenye ukuta wa chumba cha watoto, kwa ndani, nikakitoa haraka. Mama mwenye nyumba alikuwa nje chini ya mwarobaini, akaniambia huko ndani hawaingii kabla ya saa nne usiku.

Hapa tuko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Jua linalochoma kuta ni la asubuhi na la jioni, linapokuwa chini. Nyumba ikilazwa mashariki kwenda magharibi, madirisha yakatazama kaskazini na kusini, na upenu ukatoka vizuri, umepunguza joto bila kulipia umeme.

Wagogo walilijua hili zamani. Tembe, nyumba yao ya asili, lilikuwa na kuta za miti na udongo, na paa bapa la fito lililofunikwa udongo mzito, hivyo joto la mchana lilichelewa kupenya. Vyumba vilizunguka ua, mifugo ikalala katikati, na shughuli za kaya zikafanyika kwenye kivuli cha kuta. Kila nikilitaja tembe kwenye mikutano ya mitaa kuna anayecheka na kusema Serikali inataka turudi kwenye umaskini. Hapana. Paa la udongo huvuja mvua ikizidi, fito huliwa na mchwa, na nyanda hizi hupitiwa na matetemeko. Hakuna anayekuagiza ujenge tembe. Tunachokuomba uchukue ni ua wenye kivuli, ukuta mzito na baraza ambayo jirani anaweza kuketi. Mambo hayo matatu hayana mgogoro wowote na bati wala saruji.

Dhana nyingine inayotuchosha ni kwamba tofali la udongo haliruhusiwi mjini. Tofali za kufungamana, yaani zinazoshikana zenyewe kwa zenyewe, zilizohamasishwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi, ni udongo uliochanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine, kisha ukamwagiliwa maji hadi ukakomaa. Hazichomwi, kwa hiyo hakuna mti unaokatwa kwa ajili ya tanuri. Udongo upimwe kwanza, kwani si kila udongo unafaa, na lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, isirukwe.

Sasa kibali. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka upate ridhaa ya mamlaka ya mipango kabla ya kuendeleza ardhi katika eneo la mipango. Kabla, si baada ya kufika kwenye lenta. Andaa uthibitisho wa umiliki, michoro ya usanifu, na michoro ya mhandisi kama ni ghorofa. Mchoro wa kiwanja uonyeshe umbali kutoka kila mpaka, shimo la maji taka, na mahali maji ya mvua yanakoelekea. Ukianza bila kibali, utapewa notisi ya kusimamisha ujenzi. Ukiendelea, ukuta utawekwa X. Muda wa notisi ya kubomoa ukiisha bila utekelezaji, jengo linaweza kubomolewa na gharama ukadaiwa wewe. Kusema "fundi aliniambia" hakusimamishi hatua yoyote kati ya hizo.

Na maji ya mvua tunayoyafukuza ni mali. Dodoma hupata kama milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Paa la mita za mraba 100 hupokea zaidi ya lita 55,000. Hata ukipoteza sehemu, simtanki litajaa mara nyingi. Acha pia sehemu ya kiwanja iwe udongo mtupu wenye miti, maji yazame.

Njia za miguu zilizomo kwenye michoro ya mipango miji msizimeze. Mpango kabambe wa Dodoma wa 1976 ulitaka mji ambao mtu anafika sokoni na shuleni kwa miguu, na vichochoro vinavyozibwa leo ndivyo vinavyoubeba mpango huo.

Mwezi uliopita ndugu watatu walituletea mchoro ukiwa bado wa penseli. Nyumba tatu ndogo, ua mmoja katikati, mkwaju wa zamani umebakizwa, baraza inatazama njia ya mtaa. Tulirekebisha umbali wa shimo la maji taka tu. Ukuta wa magharibi haukuwa na dirisha hata moja.