Je, wajua kwa nini Yesu anaitwa kuhani mkuu ilhali hakuwa Mlawi, yaani mtu wa kabila la Lawi?

Mfalme Uzia wa Yuda alikuwa na jeshi, minara na mashamba ya mizabibu. Ukuhani ndio aliokuwa hana. Siku moja akashika chetezo, akaingia hekaluni kufukiza uvumba kwa mkono wake. Kuhani Azaria akamfuata na wenzake 80, wakamwambia waziwazi kwamba kazi hiyo ni ya wana wa Haruni, kuhani mkuu wa kwanza. Uzia akaghadhibika, na papo hapo ukoma ukamtokea kwenye kipaji cha uso. Aliishi akiwa ametengwa mpaka kufa kwake (2 Nyakati 26).

Sasa fungua Mathayo 1, usome ile orodha ya majina ambayo wengi wetu huiruka. Uzia yumo. Ni mmoja wa mababu katika nasaba ya Yesu. Kisha nenda Waraka kwa Waebrania, ambako Yesu anaitwa kuhani mkuu tena na tena. Jambo lililomletea babu ukoma limekuwaje halali kwa mjukuu?

Mwandishi wa Waebrania halikwepi swali hilo. Katika 7:14 anakiri mwenyewe kwamba Bwana alitoka Yuda, kabila ambalo Musa hakulihusisha kabisa na ukuhani. Katika Torati ukuhani haukuombwa wala kusomewa, ulirithiwa. Walawi walihudumu hemani, mahali pa ibada kabla ya hekalu, lakini madhabahu ilikuwa ya uzao wa Haruni peke yake.

Basi anarudi nyuma, kabla Haruni hajazaliwa. Katika Mwanzo 14 Abramu anatoka vitani, na njiani anakutana na Melkizedeki, mfalme wa Salemu na kuhani wa Mungu Aliye Juu. Melkizedeki analeta mkate na divai, anambariki, na Abramu anampa fungu la kumi. Basi. Mwanzo ni kitabu kinachopenda nasaba (fulani akamzaa fulani, akaishi miaka kadha, akafa), lakini mtu huyu anaingia bila baba, anatoka bila kaburi. Ukimya huo ndio anaoushika mwandishi: huyu hapa kuhani ambaye ukuhani wake hautegemei ukoo.

Halafu anaongeza hoja ambayo mara ya kwanza niliisoma nikacheka: kwamba Lawi naye alitoa fungu la kumi siku ile, maana alikuwa bado viunoni mwa Abrahamu, babu wa baba yake. Kwa watu wanaohesabu ukoo haukuwa mzaha. Mzee amebarikiwa na mkubwa wake, na uzao wote umesimama nyuma ya mzee.

Lakini msumari hasa ni Zaburi 110:4, ambapo Mungu anaapa: “Ndiwe kuhani hata milele, kwa mfano wa Melkizedeki.” Sheria ya Haruni ilikuwa tayari ipo. Kama ukuhani huo ungetosha, kiapo cha kuleta mwingine kilikuwa cha nini? Na ukuhani ukibadilika, asema 7:12, sheria nayo haina budi kubadilika. Hapo ndipo agano jipya linapoingia, na ndiyo maana mambo haya mawili hayatenganishwi.

Agano hilo halikubuniwa na Wakristo. Yeremia alilitangaza katika sura ya 31, katika kizazi kilichoshuhudia Wababeli wakiiangusha Yerusalemu: sheria itaandikwa mioyoni, “na dhambi yao sitaikumbuka tena.” Waebrania 8 inayanukuu maneno hayo kwa urefu kuliko nukuu nyingine yoyote ya Agano la Kale katika Agano Jipya. Linganisha na Siku ya Upatanisho, ambapo kuhani mkuu aliingia patakatifu pa patakatifu kila mwaka, akianza na ng'ombe wa dhambi zake mwenyewe. Kila mwaka dhambi zilikumbushwa upya.

Kuna kitu kidogo hapa ninachokipenda. Vyombo vya hema vimeorodheshwa katika Kutoka: meza, kinara, madhabahu, sanduku. Kiti cha kuhani hakimo. (Hicho “kiti cha rehema” cha Biblia yetu kilikuwa kifuniko cha sanduku, hakuna kuhani aliyekikalia.) Waebrania 10 inasema makuhani husimama kila siku, lakini Kristo alitoa dhabihu moja, kisha akaketi.

Kama ni hivyo, padri ni nani? Hapa makanisa yanaachana. Mwaka 1520 Martin Luther, mwanamatengenezo wa Kijerumani, alishikilia kwamba wote waliobatizwa ni makuhani, akiegemea 1 Petro 2:9. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1964 ulikubali ukuhani wa waamini wote, lakini ukasema ukuhani wa daraja, yaani wa mapadri na maaskofu, ni wa namna nyingine, ingawa kila mmoja unashiriki ukuhani mmoja wa Kristo. Jina “padri” lenyewe tumelipata kwa Wareno, na maana yake ni baba tu. Viongozi wa kanisa la kwanza huitwa wazee, kama katika Yakobo 5:14.

Tangu karne ya 3, Cyprian, askofu wa Karthago huko Afrika Kaskazini, aliona Ekaristi katika mkate na divai ya Melkizedeki, na Wakatoliki humtaja kuhani huyo katika Misa hadi leo. Waprotestanti hujibu kwamba Waebrania 7, inayomchambua Melkizedeki kuanzia jina lake hadi fungu la kumi, haitaji mkate wala divai hata mara moja.