Ini jipya huumia damu inaporudi

Kinyama kinachonifikia maabara ni chembamba kama uzi wa kushonea, urefu wake sentimita mbili hivi. Kimechukuliwa kwa sindano kutoka kwenye ini lililopandikizwa siku mbili tatu zilizopita, majibu ya damu yalipoanza kutia shaka. Kazi yangu ni kutazama kwa darubini seli ngapi zimekufa, na zimekufaje. Mama yangu alicheka nilipomweleza: “Kufa si kufa tu, mwanangu?”

Sivyo. Kuna seli inayopasuka. Inavimba, utando wake unachanika, vimeng'enya vya AST na ALT vinamwagikia kwenye damu (ndizo zile tarakimu za maelfu zinazowatisha ndugu wa mgonjwa), na seli nyeupe zinakimbilia hapo kana kwamba pameungua. Hiyo ni nekrosisi. Halafu kuna inayopukutika: inasinyaa, inakatika vipande vilivyofungwa vizuri, na majirani wanavimeza bila kelele. Hiyo ni apoptosisi. Neno hilo la Kigiriki linahusu majani yanayodondoka, ndiyo maana nasema “kupukutika”. Na ini lina haki ya kulidai neno hili. John Kerr, Mwaustralia, katika miaka ya 1960 alifunga matawi ya mshipa unaopeleka damu kwenye ini la panya, akaona seli moja moja zikisinyaa na kutoweka bila vurugu. Mwaka 1972 yeye, Wyllie na Currie wakalipa jambo hilo jina.

Ini hutunzwa kwenye barafu kabla ya kupandikizwa, na wengi hudhani kinachoua seli ni kukaa humo. Baridi ya nyuzi 4 hivi hupunguza mno matumizi ya nguvu, ila haiyakomeshi. ATP, yaani nishati ya seli, inaisha, pampu zinazotoa sodiamu nje ya seli zinalegea, maji yanaingia ndani ya seli, na masalia yaitwayo saksineti yanarundikana kwenye mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Hata hivyo, nyumbani tunajua kwamba umeme ukikatika friji haiungui. Huungua umeme unaporudi. Damu inaporudi na oksijeni ikiingia kwa kishindo, saksineti yote inachomwa kwa dakika chache na mitokondria zinatema oksijeni kali inayokula kila inachogusa. Seli za Kupffer, walinzi wa ini, zinazinduka na kuongeza fujo. Seli bapa zilizotandikwa kwenye vimishipa vidogo, ambazo ndizo huumizwa zaidi na baridi, zinabanduka. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zinanata pale, na damu inakwama ingawa mshipa mkubwa uko wazi.

Nimewahi kusimama nyuma ya mpasuaji wakati koleo zilizobana mishipa zinafunguliwa. Ini la rangi ya udongo linaiva wekundu mbele ya macho yako, huku mabaka mawili matatu yakigoma. Wote tunalitazama ini, isipokuwa daktari wa nusu kaputi. Yeye anatazama presha, maana ndani ya dakika tano za kwanza inaweza kuporomoka kwa zaidi ya asilimia 30.

Mirija ya nyongo ndiyo inayonisikitisha. Seli za ini hupata damu kwa njia mbili. Mirija hutegemea ateri peke yake. Vimeng'enya vinaweza kushuka vizuri, mgonjwa akaenda nyumbani, kisha baada ya miezi akarudi na macho ya manjano kwa sababu mirija imekuwa finyu. Jaribio lililoongozwa na Groningen, Uholanzi, likachapishwa 2021, lilihusu wagonjwa 156 waliopokea maini ya watu waliokufa kwa kusimama moyo. Ini likipitishiwa kwanza maji baridi yenye oksijeni kwa mashine, tatizo hilo liliwapata asilimia 6. Kwa barafu pekee, 18. Maana yake umeme unarudishwa polepole, saksineti inapungua kabla damu haijafika.

Nikikuta seli chache zilizopukutika huku na huku, naandika “jeraha dogo” na kufunga darubini. Nikikuta ukanda mzima wa seli zisizo na kiini kuuzunguka mshipa wa kati, siandiki kwanza. Napiga simu wodini.