“Dawa za ini hazimkubali Mwafrika” na maneno mengine yanayotuua

Kuna maneno nimechoka kuyasikia kwenye kliniki hapa Nairobi. Mgonjwa ana homa ya ini B, wingi wa virusi uko juu, namwandikia tenofovir, tembe za kuvizuia virusi hivyo, naye ananitazama kwa huruma: “Daktari, hizi si dawa za wazungu? Damu yetu haizikubali.” Kisha anatoa mkobani chupa ya soda ya lita mbili iliyojaa maji ya mizizi, ya kahawia, povu bado liko juu, na kuuliza kama aendelee nayo. Hapana. Mwaga leo. Baadhi ya mitishamba ndiyo inayoliumiza ini lenyewe.

Uvumi huu una chanzo. Enzi za sindano za interferoni, dawa ya zamani ya virusi vya ini, Wamarekani weusi wenye homa ya ini C walipona wachache kuliko weupe, na mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na jeni. Lakini interferoni imepitwa. Tembe za sofosbuvir za kutibu homa hiyo ya C, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2013, humezwa pamoja na dawa nyingine kwa wiki 12 hivi na huponya zaidi ya asilimia 90, weusi kwa weupe. Kizuizi kikawa bei: tembe moja ilianza kuuzwa kule kwa dola 1,000. Hata kwenye kupandikizwa ini, Marekani ilipoanza mwaka 2002 kupanga foleni kwa vipimo vya damu vinavyoonyesha nani amezidiwa zaidi, pengo la vifo kati ya weusi na weupe waliokuwa wakingoja lilipungua sana. Miili ilikuwa ile ile.

Na hapa kwetu? Wakenya zaidi ya milioni moja wanameza ARV, wengi wao tembe yenye tenofovir hiyo hiyo, miaka nenda miaka rudi. Linaloniudhi ni kwamba mwenye VVU huipata bure, ilhali mwenye virusi vya B pekee mara nyingi hutoa mfukoni. Hilo ndilo la kupigia kelele, tuiache damu yetu.

“Ini ni ugonjwa wa walevi.” Ninatibu watu ambao hawajawahi kuonja pombe. Wengi walipata virusi vya B kwa mama zao wakati wa kuzaliwa, au utotoni. Ukiongeza mahindi yenye sumu kuvu, hatari ya saratani ya ini hupanda mara nyingi.

“Usile naye sahani moja.” Kula naye. Virusi vya B hupitia damu, ngono na uzazi. Mume au mke apimwe. Asiye navyo achanjwe, dozi zote tatu.

“Nimepata nguvu, nimeacha tembe.” Usithubutu. Virusi vikiibuka tena ghafla, ini linaweza kufeli ndani ya muda mfupi. Pesa ya dawa ikikaribia kuisha, njoo useme mapema, tutafute njia pamoja kabla hujakosa hata tembe moja.