Tui na ndimu havinyooshi nywele, shoga yangu

Ile video imerudi tena kwenye magrupu: tui la nazi, ndimu, wanga wa mahindi, kisha nywele za kipilipili zinatoka zimelala kama mkeka mpya. Chini yake akina dada wanaulizana nazi ngapi. Hata kumi, hazitanyoosha kitu.

Nywele hujikunja kwa umbo la tundu inamotokea na kwa vifungo vya salfa vinavyoishikilia protini yake, keratini. Dawa ya saluni inanyoosha kwa sababu inavunja vifungo hivyo, na inaviweza kwa ukali wa upande wa magadi: pH yake (kipimo cha uchachu na umagadi) inafika 12 na kupita. Ndimu iko upande wa pili, karibu na 2. Ni kutaka kwenda Pangani, kusini, ukapanda gari la Horohoro, kaskazini. Wengine wanaongeza baikabonati ya soda ili mchanganyiko “uwe mkali”. Lile povu linalowafurahisha ni ndimu na baikabonati vinauana. Kinachobaki ni chumvichumvi tu.

Sasa mbona kwenye video zimenyooka? Hapa ndipo watu wanaponichosha, maana wanachanganya kulainika, kurefuka na kunyooka. Nywele ikilowa, vifungo vyake vidogo vya hidrojeni, si vile vya salfa, vinalegea. Ukiipaka uji mzito, uzito unaivuta chini. Ukipitisha chanuo, misokoto inafunguka, na wanga ukikauka unaishikilia palepale kama nguo iliyopigwa stachi. Kipilipili kilichokuwa kimejikunja hadi sikioni kinaweza kushuka hadi begani. Urefu huo ulikuwepo siku zote. Subiri jasho la saa saba mchana hapa Tanga, au nywele ziguswe na maji: zinarudi zilikotoka. Zikigoma kurudi, basi kuna dawa ambayo mpiga video hakuitaja.

Hata hivyo, mchanganyiko huo kama stimingi ya kulainisha naupenda. Ila ifanywe kama inavyotakiwa.

Kwa nywele za kufika mabegani, chukua nazi moja iliyokomaa. Ikune, tia nusu kikombe cha maji ya vuguvugu, kamua. Unataka tui la kwanza, lile zito. La pili lipeleke kwenye maharage. Lile la kwanza lichuje kwa kifumbu, halafu lichuje tena kwa kitambaa cha pamba. Narudia: kitambaa. Kifumbu kinatosha kwa wali, kichwani hakitoshi. Machicha yakiingia kwenye kipilipili utayachambua kama mchele wenye mawe, na kila unapochambua unakata nywele. Tui la kopo linafaa pia, mradi lisiwe na sukari.

Pima kikombe kimoja cha tui. Vijiko viwili vya chakula vya wanga vikoroge kwanza kwenye tui kidogo la baridi, maana ukivimwaga kwenye tui la moto unapata madonge. Changanya vyote, bandika moto mdogo, koroga bila kuacha mwiko. Kwa muda utaona halibadiliki, kisha ghafla sufuria inakuwa nzito. Ukipitisha kidole mgongoni mwa mwiko na mstari ukabaki wazi, ipua. Ukiacha lichemke kwa nguvu tui linakatika, mafuta yanaelea juu, na utapaka mafuta mahali pamoja na uji mahali pengine. Likipoa tia kijiko cha chai cha mafuta ya nazi. Ndimu, ukitaka, kijiko cha chai kimoja, na iingie mwisho. Ikikutana na tui la moto linaganda vipandevipande.

Nikisema kweli, ndimu yenyewe naitilia shaka. Bila ndimu matokeo ni yaleyale, na ina madhara yake: maji ya ndimu yakibaki shingoni au kwenye paji la uso ukatoka juani, ngozi inaungua na kuacha madoa meusi. Na kichwa kilichotiwa dawa wiki hii kinaweza kuwa na vidonda usivyoviona. Hapo usiitie kabisa.

Osha nywele kwa shampuu kwanza. Gawa mafungu manne, paka kuanzia ncha kupanda juu, pitisha chanuo la meno mapana uji ukiwa bado kichwani. Kazi kubwa inafanyika hapo, nywele zikiwa zinateleza, wala si kwenye viungo. Funika kwa kofia ya kuogea (rambo, mifuko ya plastiki, zimepigwa marufuku Tanzania tangu 2019), kaa dakika 30, suuza hadi maji yatoke safi bila utelezi. Wanga uliobaki ukikauka unapukutika vumbi jeupe, na wiki ijayo mtu anakuja kulalamika ana mba.

Kulala nalo? Hapana. Kwa joto letu tui linachacha kabla ya alfajiri, na mto wako utajua. Wanaolala nalo wameyasikia ya mafuta ya nazi wakayahamishia kwenye tui. Mafuta ni kweli hupenya ndani ya nywele: utafiti wa India uliochapishwa 2003 ulionyesha yanapunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, kuliko ya alizeti na yale ya madini. Lakini yaliyopimwa ni mafuta matupu. Tui lina mafuta yaliyochanganyika na maji mengi, na nusu saa ni muda mfupi, kwa hiyo siwezi kukuahidi faida ileile. Ukitaka ya usiku, paka mafuta ya nazi vijiko viwili vya chakula, funga kilemba, asubuhi osha.