Dimbani hadi Paje: kuyasoma machimbo ya mawe kwa baskeli na kwa miguu

Kibla cha msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, kina maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa hati ya Kiarabu, yanayotaja mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Kila ninapowapeleka wanafunzi pale huwaomba waiache kwanza tarehe, walitazame jiwe. Lile ni tumbawe, lililotolewa baharini likachongwa lingali na maji. Tumbawe bichi hukatika kwa urahisi, likikauka huwa gumu. Ndiyo maana herufi zimedumu zaidi ya miaka 900.

Naanzia hapo kwa sababu safari ninayowashauri wananchi, ya baskeli na miguu kupitia Makunduchi na Jambiani mpaka Paje, ni safari ndani ya machimbo. Hatujazoea kuiita hivyo. Tukisikia machimbo tunafikiria dhahabu ya bara. Lakini Mji Mkongwe wote, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, ulitoka ardhini kwa mtaimbo na sururu: mawe ya kuta, chokaa ya kuyashikia, udongo mwekundu na mchanga wa kuchanganyia.

Kusi likivuma, Juni hadi Septemba, anza Dimbani uende kaskazini ili upepo ukusukume mgongoni. Wakati wa kaskazi geuza, anza Paje. Kutoka Makunduchi hadi Paje ni kama kilomita 20 za barabara, na nchi ni tambarare. Chukua maji ya kutosha, maana uwandani kivuli ni haba.

Uwanda ndio jina la ardhi hii ya mawe yenye vijisehemu vya udongo mwekundu katikati, ambamo mkulima hupanda mbaazi na mtama kwa kutafuta penye nafasi. Ukishuka kwenye baskeli ukasogea kwenye ukingo wa shimo la zamani la mawe, utaona maua ya matumbawe yamegandamana na makombe, kama vile bahari imeondoka jana. Miamba kama hii ya pwani ya Afrika Mashariki mingi yake inakadiriwa kuwa ya miaka kama 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Ilipopwa, mwamba ukabaki nchi kavu. Usisimame ukingoni kabisa. Mara nyingi chini pamechimbwa kwa ndani na juu pamebaki ganda tu.

Karibu na mashimo, tafuta doa la mviringo lenye majivu na unga mweupe. Hapo palikuwa na tanuri la chokaa. Magogo hupangwa duara, mawe huwekwa juu, moto huwashwa. Joto likifika kama nyuzi 900, hewa ya ukaa hutoka ndani ya jiwe. Katika kila kilo 100 za jiwe safi la chokaa, kilo 44 hupotea hewani na kilo 56 hubaki. Hilo lililobaki likimwagiwa maji huchemka, hupasuka na kuwa unga. Kisha linapopakwa ukutani huivuta tena taratibu ile hewa iliyotoka, likarudi kuwa jiwe. Mimi nimefundisha jambo hili miaka mingi na bado linanishangaza: ukuta wa chokaa mjini ni mwamba wa uwandani uliopitia motoni ukarejea asili yake. Ndiyo sababu pia tunawasihi wenye nyumba za mawe wasizipake saruji. Chokaa huruhusu unyevu wa ukuta kutoka, saruji huuzuia ndani na ukuta huoza.

Gharama ya tanuri ilikuwa msitu. Kuni za moto ule ni nyingi mno, na uwanda ukishakatwa huchelewa kurudi kwa kuwa udongo ni kidogo.

Katika mkoa wa Cornwall, Uingereza, walikochimba shaba na bati, mapito ya zamani ya mabehewa yaliyokokotwa na farasi yamekuwa njia ya miguu na baskeli. Njia ya Portreath hadi Devoran, kama kilomita 18, huanza pwani moja na kuishia pwani nyingine. Mandhari ya machimbo yale yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mashimo waliyaacha yaonekane, wakayazungushia uzio palipo na hatari.

Kwetu, shimo likiachwa hugeuzwa jaa, na hili ndilo linalonifanya niandike. Mwamba wa uwanda una nyufa na mapango. Mvua ikinyesha haikai juu, huzama mara moja, na hakuna udongo mzito wa kuichuja. Maji tunayokunywa Unguja hutoka chini ya ardhi. Betri, nepi na makopo ya dawa yaliyotupwa shimoni yako njiani kuelekea kisimani.

Ukifika Jambiani utalielewa hili kwa macho. Mpitie sheha, kiongozi wa serikali katika shehia, uombe mwenyeji wa kukupeleka mapangoni, kwa sababu mapango ni mahali pa heshima na ibada za wenyewe, hayaingiwi kiholela. Katika pango la Kuumbi wataalamu wa mambo ya kale wamekuta dalili za watu wa miaka kama 20,000 iliyopita, pamoja na mifupa ya pundamilia na nyati, tangu Unguja ilipokuwa imeungana na bara. Katika pango la Kuza utayakuta maji yenyewe, maangavu, chini ya mwamba uleule uliokuwa ukiukanyaga toka asubuhi.

Kuanzia hapo, maji yakiwa yamekupwa, unaweza kufuata mchanga mgumu wa pwani hadi Paje. Epuka vigingi na kamba za mwani, kilimo kilichoanza pwani hii mwaka 1989 na ambacho wengi wa wakulima wake ni kina mama. Maji yakianza kujaa, rudi barabarani. Na ukiwa umekuta taka katika shimo lolote njiani, piga picha, andika mahali ulipo, umpelekee sheha wa shehia ile siku hiyohiyo, kabla ya masika.