Dripu ya utumbo siyo maji ya nguvu jamani
Juzi hapa Ngamiani mamdogo kamwambia binti yake mwenye Crohn, ugonjwa wa uvimbe wa muda mrefu kwenye utumbo, "mwanangu tumbo limetulia, hiyo dripu ya nini tena, si maji ya nguvu tu." Wengi Tanga tunaamini hivyo, na siyo kweli kabisa. Ile ni dawa, mfano infliksimabu, inazuia kemikali ya mwilini inaitwa TNF inayochochea uvimbe kwenye utumbo, na wagonjwa wa Crohn na wa kolaitisi ya vidonda (uvimbe wenye vidonda kwenye utumbo mpana) hawaponi moja kwa moja, wanatulizwa, ndo maana ratiba yake ni wiki ya 0, ya 2, ya 6, halafu kwa kawaida kila wiki 8 hata kama unajisikia mzima. Ukikata katikati mwili unaweza kutengeneza kinga dhidi ya dawa yenyewe, ukirudi inagoma au inakuletea mzio, kifua kubana, vipele. Kabla ya kuanza lazima upimwe TB, hilo usikubali liachwe. Siku yenyewe ni kama masaa mawili kwenye kiti, kunywa maji, beba kanga maana baridi ya kiyoyozi inachoma, na ukiwa na homa mwambie nesi kabla hajakuchoma sindano.