Hapana, mpita njia hawezi kunakili ufunguo wako wa usalama

Nimeulizwa tena kama mpita njia anaweza kunakili ufunguo wa usalama, kile kifaa kidogo kinachothibitisha kwamba ni wewe unapoingia kwenye akaunti, na safari hii muulizaji alikuwa ameshachukua hatua. Ameuviringisha ufunguo wake kwa karatasi ya alumini, kisha analalamika kwamba simu haiusomi. Jamani. Hiyo alumini inafanya kazi yake barabara. Kilichoharibika ni ile imani iliyomfanya aifunge. Anaamini kwamba, kwa kuwa ufunguo unatumia NFC, yaani mawasiliano ya redio ya karibu sana, yeyote atakayesimama nyuma yake kwenye foleni akiwa na simu ataondoka na nakala.

Yaliyo rahisi niyapitie mbiombio. NFC inafanya kazi kwenye megahezi 13.56, umbali wa sentimita chache. Ufunguo hauna betri, unapata umeme kutoka kwenye simu yenyewe inapousogelea. Ufunguo binafsi, yaani ile siri ya kidijitali ya kutia sahihi, unazaliwa ndani ya chipu na hakuna amri ya FIDO2, kanuni zinazofuatwa na funguo hizi, inayousoma na kuutoa nje. Simu hupeleka fumbo jipya lililotoka kwenye tovuti, pamoja na utambulisho wa tovuti hiyo, chipu inatia sahihi, sahihi inarudi. Aliyenasa sahihi ya jana amenasa takataka, maana fumbo la leo ni jingine.

Jina la tovuti halitoki kwako bali kwa kivinjari, na ndiyo maana tovuti bandia, hata ifanane na ya kweli kama pacha, inaambulia patupu. Agosti 2022 Cloudflare, kampuni ya huduma za intaneti, walieleza hadharani kwamba wafanyakazi wao watatu walinaswa wakaingiza nywila kwenye ukurasa wa matapeli. Matapeli wakawa na nywila sahihi mkononi na bado hawakuingia, kwa sababu kila mfanyakazi alitakiwa kuwa na ufunguo.

Je, kunakili kumewahi kufanikiwa popote? Maabara, ndiyo. Septemba 2024 watafiti wa usalama wa NinjaLab walitangaza shambulio waliloliita EUCLEAK, dhidi ya chipu za kampuni ya Infineon zilizomo kwenye YubiKey 5, funguo za kampuni ya Yubico, zenye programu ya ndani ya kabla ya toleo 5.7. Lakini ilibidi wawe na ufunguo wenyewe mezani, wafungue kasha lake, kisha wapime mawimbi ya chipu kwa vifaa vya maelfu ya dola. Huyo si mtu wa kwenye foleni.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kuliko swali lenyewe, nalo ni jibu la mkato linalotolewa na wenzangu: "Usijali, ni salama." Jibu hilo ni la kweli kuhusu kunakili na ni la kivivu kuhusu mengine yote.

Ukichomeka ufunguo kwa USB, hautii sahihi mpaka uguse kile kidude cha dhahabu. Kwenye NFC hakuna kugusa. Kanuni za FIDO zinahesabu kule kuusogeza ufunguo kwenye simu kuwa ushahidi tosha kwamba mwenyewe yupo. Kwa hiyo simu ya mtu mwingine, ikibanwa kwenye mfuko wako mahali penyewe hasa, inaweza kuuomba ufunguo utie sahihi, nao ukatia. Sijawahi kuridhika na uamuzi huo. Naelewa ulikotoka, kwa sababu kubana ufunguo mgongoni mwa simu huku ukipapasa kidude kwa kidole ni sarakasi, ila tusijifanye kwamba hakuna kilichopotea.

Mwizi anahitaji nini ili afaidike? Awe na nywila yako tayari. Awe ameshaanza kuingia kwenye akaunti yako saa hiyohiyo, maana fumbo lina muda wake. Awe na mwenzake aliyekubana kwa karibu, na programu ya kusafirisha fumbo na sahihi kwenda na kurudi bila kuchelewa. Yote hayo yanawezekana. Wewe kama ni mtu anayewindwa na serikali, weka ufunguo kwenye kifuko kinachozuia mawimbi, nami sitakucheka. Wengine wote, mwizi wenu atatuma ujumbe wa kitapeli kwa watu elfu moja kabla ya chai.

Akaunti isiyotumia nywila kabisa ina kinga zaidi. Huko tovuti inatakiwa kudai PIN ya ufunguo, na ndani ya kile kinachotiwa sahihi mna alama inayosema kama PIN ilithibitishwa au la. Alama hiyo haibadiliki njiani bila kuiharibu sahihi. Mpita njia asiyejua PIN atapata sahihi yenye alama ya "la", na tovuti iliyotengenezwa vizuri itaitupa. Niliposema "vizuri" nilimaanisha. Wapo watengenezaji wanaoomba PIN kisha wanasahau kuikagua ile alama.

Halafu kuna mahali ambapo wenye hofu wana haki, na hapo ndipo hawapaangalii! YubiKey nyingi zenye NFC, zikiachwa kama zilivyotoka kiwandani, humtolea yeyote anayezisoma msimbo wa mara moja wa mtindo wa zamani, bila PIN. Ule ukurasa wa wavuti unaojifungua ukigusisha ufunguo kwenye simu bila sababu ndio huo, na watu hudhani ama wameingia ama wamedukuliwa. Kama hakuna huduma unayoitumia kwa njia hiyo, izime kwa upande wa NFC ndani ya Yubico Authenticator, programu ya watengenezaji wenyewe; usumbufu na uvujaji vinaondoka pamoja. Vilevile, kama umehifadhi zile namba za tarakimu sita za kuingilia kwenye akaunti ndani ya ufunguo, ziwekee nywila. Bila hiyo, programu yoyote inayojua kuuliza itazisoma ufunguo ukiwa karibu. Hayo ndiyo ya kuogopa mfukoni, tena yanarekebishwa kwa dakika chache.

Matumizi ya kila siku. Kwenye iPhone antena iko ukingo wa juu. Kwenye Android mara nyingi iko mgongoni, na kila mtengenezaji ana pake, kwa hiyo tafuta polepole kisha ukariri. Usigusishe na kuondoa kama kadi ya malipo. Shikilia mpaka simu iseme imemaliza, kwa kuwa mazungumzo ya FIDO2 ni marefu. Kwenye iPhone ukidaiwa PIN utagusisha, utaandika PIN, kisha utagusisha tena, na mara hii ya pili ndiyo inayowafanya watu waseme ufunguo umekufa. Kava lenye bati la sumaku linazuia. Kadi ya benki iliyokaa pamoja na ufunguo inavuruga. PIN ikikosewa mara nane ufunguo unajifunga, na kuufungua ni kufuta kila kitu cha FIDO2 kilichomo. YubiKey mpya za toleo 5.7 huja NFC ikiwa imelala kwa makusudi, ili zisisomwe zikiwa bado kwenye boksi. Chomeka kwanza kwenye USB yenye umeme kwa sekunde chache ndipo uilaumu simu.

Vishikwambi ni habari fupi na ya kusikitisha. iPad haisomi funguo kwa NFC, iwe ya bei gani, na vishikwambi vingi vya Android navyo havina. Acha kuusugua ufunguo kwenye kioo. Nunua wenye USB-C na pia NFC: uchomeke kwenye kishikwambi, uugusishe kwenye simu.

Nunua miwili, usajili yote miwili siku hiyohiyo. Apple walipoleta funguo za usalama kwa akaunti zao kwenye iOS 16.3, Januari 2023, walikataa kabisa kukuruhusu uanze na mmoja, na kwa hilo nawaunga mkono. Ukishasajili wa pili, rudi kwenye mipangilio ya akaunti uangalie kama "nimesahau" bado inatuma msimbo kwa SMS. Kama inatuma, anayetaka akaunti yako ataihamisha laini yako ya simu, na ufunguo hata hatauhitaji. Huduma nyingine hazikupi njia ya kuizima SMS hiyo, na mteja akiniuliza afanye nini na huduma ya namna hiyo, humwambia aondoe humo vyote asivyotaka vipotee.